Mkwaja, mbung'o na swali la cheti: fundi hufundishwa na nani?

Leo tunakupeleka Mkwaja. Kama hujawahi kufika, ni kata ya pwani katika Wilaya ya Pangani, mkoani Tanga. Unavuka mto Pangani, unashika njia ya kusini kuelekea Saadani, bahari ikiwa mkono wako wa kushoto. Watalii wanaijua kwa hifadhi na fukwe. Watafiti wa magonjwa ya mifugo wanaijua kwa jambo jingine kabisa: maelfu ya ng'ombe waliofugwa kwa miaka mingi katikati ya mbung'o. Sisi tunaiendea kwa swali ambalo huenda linakugusa, hasa kama unasaka nafasi ya fildi au una mdogo wako anayetaka kwenda VETA. Fundi afundishwe na nani, kiwanda au chuo?

Najua utajibu haraka: wote wawili. Sawa, hata sisi tunakubali. Lakini hiyo "wote wawili" ina sura nyingi, na pwani ya Tanga imezijaribu karibu zote kwa zaidi ya miaka 100. Ili tusipotee njiani, beba maswali matatu. Nani analipa gharama ya mafunzo? Nani anafundisha na nani anapima? Na kampuni ikifunga milango, fundi anaondoka na nini mkononi?

Tuweke na maneno sawa kabla hatujaenda mbali. Nchini kwetu kuna mhandisi, anayesanifu na kukokotoa. Kuna fundi sanifu, mwenye stashahada, anayetafsiri michoro na vipimo kuwa kazi. Halafu kuna fundi mchundo, ambaye mikono yake ndiyo inayofunga, inayochomea, inayochoma sindano. Tukisema "fundi" hapa tunawazungumzia hawa wawili wa mwisho. Ndio watu ambao historia za viwanda huwasahau.

Shule yenye karakana

Tuanzie Tanga mjini. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 serikali ya kikoloni ya Wajerumani ilifungua shule Tanga. Wakati huohuo, mwaka 1893, ujenzi wa reli ya kwenda Usambara ulianza hapohapo mjini. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Siyo sadfa kwamba shule na reli vilikua pamoja. Kuleta karani au fundi kutoka Ulaya kulikuwa ghali, tena wengi waliugua malaria. Ilikuwa nafuu kuwafundisha vijana wa hapa.

Kwa hiyo shule ya Tanga haikuishia kwenye kusoma na kuandika. Ilikuwa na karakana, na miongoni mwa kazi zilizofundishwa kulikuwa na useremala na uchapaji. Gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilichapwa shuleni hapo miaka ya mwanzo ya 1900 hadi Vita Kuu ya Kwanza. Hebu fikiria: mwanafunzi anapanga herufi za risasi moja moja, kinyumenyume, na kosa lake litasomwa na watu wa pwani nzima. Hayo ndiyo mafunzo kwa vitendo.

Mfumo ule haukuwa wa hisani. Ulikuwa chombo cha utawala, na lengo lake lilikuwa kupata watumishi. Lakini uangalie kwa jicho la maswali yetu. Serikali ililipa na kufundisha, ila ujuzi wenyewe haukufungwa kwa mwajiri mmoja. Aliyejua kuchapa au kuandika barua ya Kiswahili safi aliweza kufanya kazi ofisini, relini au kwa mfanyabiashara. Waingereza walipoichukua nchi walikuta makarani na mafundi ambao wangeweza kuwatumia, na wakawatumia. Bendera ilibadilika, ujuzi ukabaki.

Korona: chuo kisicho na darasa

Mwaka huohuo wa 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani, upande uleule wa kwenda Mkwaja. Kutoka kwenye hiyo 62 ilizaliwa sekta ambayo mwaka 1964 ilizalisha takriban tani 230,000 za nyuzi na kuifanya Tanganyika kinara wa mkonge duniani.

Watu wa Tanga wanaijua korona. Asili yake ni jina la mashine ya kuchakata majani ya mkonge, lakini kwa wenyeji korona ni kiwanda kizima. Jani la mkonge ni maji na nyama tupu; nyuzi ni kama asilimia 3 hadi 4 tu ya uzito wake. Tena jani likishakatwa haliwezi kusubiri. Likikauka, nyama inashikamana na nyuzi na ubora unashuka. Kwa hiyo korona ikisimama siku mbili, hasara haipo kiwandani peke yake, ipo shambani pia, kwenye kila tita lililokatwa.

Hapo ndipo fundi wa korona anapopata uzito wake. Lazima aweke nafasi sahihi kati ya visu na kitako cha mashine: ikiwa pana, nyama inabaki, ikiwa finyu, nyuzi zinakatika. Lazima asikie beringi inapoanza kulia kabla haijavunjika. Kazi kama hiyo mtu aliipata kwa kusimama miaka kadhaa pembeni ya fundi mkubwa. Utafiti nao ulikuwepo: kituo cha Mlingano, wilayani Muheza, kimeshughulika na mkonge tangu miaka ya 1930. Lakini Mlingano ilihusu mmea, udongo na mbegu. Fundi wa mashine alibaki mwanafunzi wa fundi mwenzake.

Kisha bei ikaanguka. Nyuzi za plastiki zikaingia sokoni, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, uwekezaji ukapungua, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi karibu tani 20,000. Korona moja baada ya nyingine ikanyamaza. Fundi aliyejua kusikiliza beringi bado alikuwa na sikio lake, lakini karatasi ya kumwambia mwajiri mwingine kwamba analo hakuwa nayo.

Sindano moja, kilo mia moja za tofauti

Sasa tufike Mkwaja penyewe. Mashamba ya mkonge yalikuwa na wafanyakazi wengi, na wafanyakazi wanahitaji nyama. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Amboni, iliyomiliki mashamba makubwa ya mkonge Tanga, ilianzisha ranchi Mkwaja. Eneo lilizidi kilomita za mraba 400, na ng'ombe wakafika zaidi ya elfu kumi. Tatizo lilikuwa moja, tena kubwa: vichaka vile vilikuwa makazi ya mbung'o.

Mbung'o akimuuma ng'ombe humwachia vimelea viitwavyo tripanosoma. Ugonjwa wake ni nagana. Vimelea huishi kwenye damu, chembe nyekundu zinapungua, mnyama anakonda, jike anatupa mimba, mwisho anakufa. Kwa kawaida ng'ombe wa biashara hawafugwi mahali kama hapo. Mkwaja walifuga, kwa kutegemea dawa ya kinga iitwayo isometamidiamu, inayodungwa kila baada ya miezi michache.

Mwaka 1985 kituo cha kimataifa cha utafiti wa mifugo kilichokuwa Addis Ababa kilichapisha uchambuzi wa ng'ombe aina ya Boran wa Mkwaja kwa miaka kumi, 1973 hadi 1982. Matokeo yaliwashangaza wengi: kwa kinga ile, tija ya ng'ombe wa Mkwaja ilifikia takriban asilimia 80 ya tija ya Boran wa ranchi isiyo na nagana nchini Kenya. Kwa nchi zenye mbung'o, hiyo ilikuwa habari kubwa.

Simama hapo kidogo, ujiulize takwimu zile zilitoka wapi. Zilitoka zizini. Kila ndama aliyezaliwa aliandikwa. Kila uzito ulipimwa. Kila sindano ilikuwa na mtu aliyeishika. Majina yanayobaki kwenye jalada la ripoti ni ya watafiti. Kalamu iliyojaza daftari asubuhi, ng'ombe wakipita mmoja mmoja kwenye kibanio, ilikuwa ya mhudumu wa mifugo.

Na kazi ile siyo ya kubahatisha. Chukua mfano rahisi. Tuseme dozi ni miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa ng'ombe. Mnyama wa kilo 300 anahitaji miligramu 300. Mhudumu akimkadiria kwa macho kuwa ana kilo 200, atampa theluthi mbili tu ya dozi. Ng'ombe ataonekana amechanjwa, daftari litaonyesha amechanjwa. Lakini ndani ya damu, vimelea dhaifu vitakufa na vile vyenye ukinzani kidogo vitabaki, vitaongezeka, na mbung'o atavibeba kwenda kwa ng'ombe mwingine. Rudia kosa hilo mara elfu kwa miaka kadhaa, na dawa itaanza kugoma. Kipimo cha damu nacho kinataka mkono uliofundwa: damu inawekwa kwenye mrija mwembamba wa kioo, inazungushwa kwa kasi ili chembe zitengane na maji ya damu, kisha unasoma sehemu ya chembe nyekundu. Ikishuka chini ya asilimia 25 hivi, una sababu ya kuhangaika. Halafu unaweka hadubini pale kwenye utando mweupe juu ya chembe, unatafuta kimelea kinachojinyonganyonga.

Dawa ya kinga ilikuja kupungua nguvu Mkwaja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ikaongeza silaha nyingine: kuogesha ng'ombe kwenye josho lenye dawa ya kuua wadudu, deltamethrini, ili ng'ombe mwenyewe awe mtego. Mbung'o akitua anyonye, anakufa. Mbung'o walipungua sana, na afya ya mifugo ikapanda. Josho nalo lina hesabu zake. Kila ng'ombe anayetoka anaondoka na dawa mwilini, mvua inaongeza maji, na asiyejua kurudishia kiasi sahihi anawaogesha ng'ombe kwa maji tu.

Pamoja na hayo yote, biashara haikusimama. Mwaka 2000 ranchi ilifungwa. Ardhi yake ikaingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa Saadani, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005. Watafiti wa mimea kutoka Uswisi walikuja kusoma jinsi vichaka vilivyoenea kwenye malisho ya zamani. Hilo lina ripoti zake na ramani zake. Ujuzi wa mikono haupimwi kwa ramani. Ulienda na watu, kila mmoja na wake.

Jibu sasa yale maswali matatu kwa kazi inayofundishwa ndani ya kampuni peke yake, iwe korona au josho. Mwajiri analipa, mwajiri anafundisha, mwajiri anapima. Inafanya kazi vizuri, tena vizuri sana, mradi mwajiri yupo. Akiondoka, shahidi wa ujuzi wako ameondoka naye.

Buhuri: wakati chuo kilipopata soko

Kuna mfano mwingine wa ng'ombe katika mkoa huohuo, na umekwenda njia tofauti. Buhuri, nje kidogo ya Jiji la Tanga, kuna chuo cha mifugo, ambacho leo ni kampasi ya Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, LITA. Mwaka 1985 ulianza mradi wa ng'ombe wa maziwa kwa wafugaji wadogo wa Tanga, kwa msaada wa Uholanzi. Mfugaji hakupewa mtamba na kuambiwa kila la heri. Alipitia mafunzo kwanza, na Buhuri ilikuwa shule yake. Mwaka 1993 vyama vya wafugaji viliungana kuwa ushirika wa mkoa, na katikati ya miaka ya 1990 kiwanda cha Tanga Fresh kikaanza, wafugaji wakiwa na hisa kupitia ushirika wao.

Angalia mnyororo huo unavyomhitaji fundi. Kwenye kituo cha kukusanyia maziwa mtu anasimama na laktomita, kile kioo kinachoelea. Maziwa halisi yana uzito wa takriban gramu 1.028 hadi 1.034 kwa mililita. Ukiongeza maji, uzito unashuka na laktomita inazama zaidi. Rahisi, si ndiyo? Sasa mjanja mmoja anatoa malai kwanza. Malai ni mepesi kuliko maziwa, kwa hiyo yanayobaki yanakuwa mazito. Kisha anaongeza maji, na laktomita inasoma "sawa". Aliyefundishwa kusoma namba tu atapokea maziwa yale. Aliyefundishwa kwa nini namba inapanda na kushuka atatilia shaka rangi yake na kupima mafuta. Kukaririshwa na kufundishwa huachana hapo, na hapo ndipo chuo kinapomsaidia mwenye kiwanda.

Buhuri kuna kitu ambacho Mkwaja hakikuwepo. Anayefundisha na anayeajiri ni watu wawili tofauti, na kila mmoja anamhitaji mwenzake. Kiwanda kikiyumba, chuo bado kipo na cheti chake bado kinasomeka Kagera au Mbeya. Chuo nacho kikizembea, kituo cha maziwa kitajua ndani ya wiki moja, kwa sababu maziwa yataharibika.

Nani alipe?

Hapo tunarudi kwenye swali gumu kuliko yote. Kumfundisha fundi ni gharama, na mwajiri ana hofu ya kweli: nimfundishe miaka miwili, kisha jirani yangu amchukue kwa nyongeza ndogo ya mshahara? Kila mwajiri akiwaza hivyo, hakuna anayefundisha, na wote wanalalamika hakuna mafundi.

Tanzania ilijibu kwa njia mbili. Mwaka 1975, kwa ushirikiano na Sweden, vilianza vyuo vya maendeleo ya wananchi, vinavyozidi 50 nchi nzima, ili mtu wa kijijini apate ufundi bila kuhama. Kisha Sheria ya mwaka 1994 ikaunda VETA, na waajiri wakatozwa asilimia ya mishahara wanayolipa. Hiyo ndiyo tozo ya kuendeleza ujuzi, wahasibu wanaiita SDL. Mantiki yake ni ya haki: kama wote mnanufaika na fundi, wote mchangie. Kiwango chake kiliwahi kufika asilimia 6, kikashushwa hatua kwa hatua hadi 3.5 mwaka 2023, huku malalamiko yakibaki palepale: sehemu kubwa ya fedha hizo imekuwa haiendi VETA.

Ujerumani wana dawa nyingine. Mwanagenzi anakaa siku nyingi za wiki kwenye kampuni na siku moja au mbili shuleni. Watu husifu ratiba hiyo, lakini siri yake kubwa ni mtihani: anayeusimamia ni chemba ya mafundi au ya wafanyabiashara. Bosi wake na mwalimu wake hawawezi kumpa cheti kwa matakwa yao peke yao. Tanzania nayo ilitoa mwongozo wa taifa wa uanagenzi mwaka 2017, na kabla ya hapo mafunzo ya hoteli yalishaanza kugawanywa kati ya chuo na mwajiri. Kwa pwani yenye hifadhi na hoteli kama Mkwaja ya leo, hilo si jambo dogo.

Wimbi linalokuja

Kwa nini tunakusimulia yote haya sasa? Kwa sababu Tanga iko tena mwanzoni mwa wimbi. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani. Mafuta yale yana nta nyingi, lazima yapashwe joto njiani yasigande, kwa hiyo kuna kuchomelea, kuna umeme, kuna vihisi vya joto, kuna kupima viungo vya chuma kwa mionzi. Barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo inajengwa, pamoja na daraja la mto Pangani. Ujenzi huajiri wengi kwa muda mfupi, uendeshaji huajiri wachache kwa muda mrefu. Anayechomelea leo atahitaji kazi nyingine kesho kutwa, huenda mkoa mwingine, huenda nchi nyingine.

Basi kijana ukiitwa kwenye "mafunzo" na kampuni yoyote, uliza bila haya: mtihani wa mwisho unasimamiwa na nani? Cheti kinatambulika wapi nje ya geti hili? Nikiondoka, daftari langu la kazi nilizofanya ni mali yangu? Na wewe mwalimu wa chuo, jiulize mara ya mwisho wanafunzi wako walishika lini mashine inayotumika sasa hivi viwandani.

Bado kuna wale waliotangulia. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia kazini anapimwa kwa vitendo na kwa mdomo, akifaulu anapewa cheti, hata kama hakuwahi kukaa darasani. Ukiwa na mjomba aliyewahi kushika spana korona, au baba mdogo aliyewahi kusimamia josho, kaa naye jioni moja. Mwombe akueleze alivyojua beringi inakufa, au alivyokadiria uzito wa ng'ombe bila mizani. Andika anayokwambia. Kama bado ana nguvu za kazi, mpeleke akapimwe.